Mama Nane: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kutunza Picha za Wagonjwa

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Mkuu wa Kompyuta wa hospitali yetu atarudisha funguo za chumba cha seva na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kadhaa ambazo yeye mwenyewe anazijua kwa idadi. Kwenye kitambulisho ana jina refu na zuri. Kwenye korido, kuanzia mfagiaji hadi mkurugenzi, anaitwa Mama Nane.

Wageni hudhani ana watoto wanane. Muuguzi mmoja aliyehamia kwetu aliwahi kumpa pole ya malezi kwa moyo wote, naye akaipokea bila kusahihisha, maana pole haikataliwi. Ukweli ni kwamba anao wawili tu: binti ambaye ni mkunga, na kijana anayeendesha malori ya masafa marefu. Hiyo nane ina asili yake, na tutaieleza.

Aliajiriwa kama karani wa stoo ya filamu. Siku hizo picha ya eksirei ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Ilisafishwa kwa dawa yenye harufu ya kukereketa, ikatundikwa ikauke kama nguo, kisha ikatiwa kwenye bahasha ya kaki. Stoo ilikuwa chumba kirefu cha chini ya ngazi, chenye dirisha moja na mashelfu kumi na manne. Alizijua bahasha zile kama mtu anavyowajua majirani. Daktari akianza kusema anamtafuta yule mzee aliyevunjika nyonga mara mbili, bahasha ilikuwa mezani kabla hajamaliza sentensi.

Kompyuta zilipokuja, wengi wetu tuliziogopa kama ndui. Tangazo la mafunzo ya miezi sita lilikaa ubaoni wiki tatu bila jina hata moja. La kwanza na la mwisho kuandikwa lilikuwa lake. Alipoulizwa sababu, alisema stoo ilikuwa na baridi na darasa lilikuwa na madirisha. Alirudi na cheti, akapewa kompyuta mbili na chumba kidogo, na kuanzia hapo chumba kile kikawa milki yake. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba chai haiingii. Siku mkurugenzi wa wakati huo alipokuja kukagua akiwa na kikombe, alisimamishwa mlangoni kwa heshima zote.

"Mkurugenzi karibu sana," aliambiwa. "Chai ibaki hapo nje, itakungoja."

Ilimngoja, ikapoa.

Miaka kumi na minne iliyopita hospitali ilipata seva mpya ya picha, yenye diski kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona. Tulishangilia. Wiki ya pili shangwe zikageuka manung'uniko. Kuhifadhi picha za mgonjwa mmoja, kazi iliyochukua dakika mbili kwenye seva kuukuu, sasa ilichukua dakika kumi na moja. Foleni ya eksirei ikatoka nje ya mlango, ikapinda kona, ikafika dirisha la dawa. Watu wenye mikono iliyofungwa kwa vipande vya shuka walikaa sakafuni wakisubiri.

Kila mtu akawa na mchawi wake. Watu wa mtandao walibadilisha waya zote. Muuzaji wa seva akasema chumba kina joto, tukaongeza kiyoyozi, Mama Nane akaanza kuja kazini na koti la mumewe, seva ikabaki goigoi vilevile. Mmoja akasema ni virusi. Mpishi wa hospitali, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema ni kijicho.

Yeye hakumlaumu mtu. Alikaa na saa yake ya mkononi akapima. Kusoma picha ilikuwa haraka; kuandika picha ilikuwa mwendo wa kobe. Akachomoa diski moja, akachukua lenzi ya kukuzia iliyobaki kutoka stoo ya filamu, akasoma maandishi madogo ya lebo mpaka mstari wa mwisho, mstari ambao sisi sote tulikuwa tumeuona na hakuna aliyeusoma. Kisha akacheka peke yake. Tukamuuliza kulikoni.

"Hizi diski ni waongo," akasema. "Waongo wenye adabu."

Kesho yake aliitwa mbele ya wakubwa aeleze, na maelezo yale bado yanasimuliwa kantini. Alisema diski ni kama wodi ndefu, na data ndio wagonjwa. Tangu zamani wodi hiyo iligawanywa kwa vitanda vidogo vinavyoitwa sekta, kila kimoja cha baiti mia tano na kumi na mbili. Mfumo endeshi wa kompyuta, ambao ndio muuguzi wa zamu, ulizoea kulaza wagonjwa kitanda kimoja kimoja. Watengenezaji wa diski mpya wameachana na hesabu hiyo. Sasa sekta ni kubwa, ni chumba kizima chenye nafasi ya vile vitanda vinane, yaani baiti elfu nne na tisini na sita, na chumba hufunguliwa chote au hakifunguliwi kabisa. Lakini kwa kuwa mifumo endeshi ya zamani ingeshtuka, diski inajifanya bado ina vitanda vidogo. Mfumo wetu ulikuwa wa zamani, ukaamini. Na kwa mazoea yake ya kale, ukaanza kulaza watu kwenye kitanda namba sitini na tatu, hesabu ikianzia sifuri.

"Hesabuni wenyewe," aliwaambia. "Sitini na tatu ni kitanda cha mwisho cha chumba cha nane. Sasa wanakuja watu wanane wa familia moja. Mmoja analala chumba cha nane, saba chumba cha tisa. Kila familia inafunguliwa milango miwili. Tena diski haiwezi kumgusa mtu mmoja. Inatoa chumba kizima nje, inabadilisha, inarudisha. Mara mbili, kutwa nzima. Hata ningekuwa mimi ningechoka."

"Sasa dawa yake?" mkurugenzi akauliza.

"Tuanzie kwenye namba inayogawanyika kwa nane."

"Basi?"

"Basi."

Kisha mkuu wa eksirei, mtu asiyecheka ovyo, akacheka mpaka akavua miwani. Waya zote zile, kiyoyozi chote kile, na kosa lilikuwa kitanda kimoja.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo kama jibu lake. Ilibidi kuhamisha picha zote, kugawa diski upya, na kuzirudisha, na ilimla Jumamosi mbili na sauti yake yote, kwa sababu akifanya kazi huimba, na tuseme tu kwamba Mungu alimpa vipaji vingine. Jumatatu ya tatu picha za mgonjwa wa kwanza zilihifadhiwa kwa dakika moja na nusu. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imerudi ndani ya mlango. Tangu siku ile hakuna diski iliyoingia hospitalini bila kuulizwa kama mwanzo wake unagawanyika kwa nane, na mkuu wa eksirei ndiye aliyembandika jina.

Kuna tukio jingine ambalo halisimuliwi kantini, kwa sababu wanaolijua ni wachache. Lilitokea miaka saba iliyopita, siku ya Jumanne.

Seva ilikuwa imejaa, kwa hiyo picha za miaka ya nyuma zilikuwa zimehamishiwa kwenye kasha la nje, yaani sanduku dogo lenye diski kubwa ndani yake, lililounganishwa kwa waya. Mama Nane alikuwa ameandika barua tatu kuomba nakala ya pili ya picha hizo, maana akiba haiozi. Alijibiwa asubiri. Asubuhi ile, saa nne, taa ya kasha ikazimika.

Wakati huohuo, katika wodi ya watoto alikuwa amelazwa binti wa miaka tisa. Alikuwa amewahi kupasuliwa kichwa miaka mitatu kabla, na sasa kichwa kilikuwa kinamuuma na alikuwa anatapika. Daktari wa upasuaji alikuwa na picha mpya mkononi, lakini alihitaji zile za zamani azilinganishe, ajue kama maji kichwani yameongezeka au ndivyo yalivyokuwa siku zote. Bila hizo angeweza kumfungua mtoto bure, au kumwacha wakati hakupaswa kuachwa. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari kwa saa tisa.

Mama Nane alikuwa kwenye kikao jengo la utawala. Fundi wa zamu alikuwa peke yake, na daktari amemsimamia mgongoni. Fundi akafungua kasha, akatoa diski, akaisikia inazunguka vizuri. Kilichokufa kilikuwa kasha tu. Akashukuru, akaiunganisha diski moja kwa moja kwenye kompyuta. Kompyuta ikamwambia diski hii ni mpya, haijaanzishwa, je, ianzishwe? Akabonyeza ndiyo. Skrini ikaonyesha diski tupu kabisa, haina kitu, kisha ikauliza kwa upole kama angependa kuifomati, yaani kuipanga upya kama isiyo na kitu.

Fundi huyo ndiye anayeandika wasifu huu. Alikuwa na miaka kumi na miwili kazini, kwa hiyo hana hata kisingizio cha ugeni.

Mlango ukafunguliwa, Mama Nane akaingia, akatazama skrini.

"Toa mkono kwenye kipanya, baba," akasema. "Polepole, kama kuna nyoka."

Mkono ukatoka.

"Umebonyeza nini?"

"Ianzishwe."

"Na kufomati?"

"Bado, Mama."

"Basi umeng'oa kibao cha mlangoni. Watu bado wamo ndani. Daktari, nipe nafasi nifanye kazi."

Mama Nane alieleza kilichotokea huku mikono yake ikichomoa waya. Lile kasha lilikuwa mkalimani. Diski ilikuwa inajitangaza kwa sekta ndogo za mia tano na kumi na mbili, lakini kasha liliiambia kompyuta kuwa sekta ni kubwa, za elfu nne na tisini na sita, ili mfumo endeshi wetu mzee uweze kuiona diski yote hadi mwisho. Kila anwani ndani ya diski ile ilikuwa imeandikwa kwa hesabu ya mkalimani. Mkalimani alipokufa, kompyuta ikazisoma anwani kwa hesabu nyingine, ikagonga nyumba zisizokuwepo, ikahitimisha kuwa mtaa mzima hauna watu. Na fundi, kwa kubonyeza ndiyo, alikuwa amefuta hata orodha ya anwani yenyewe.

Sasa mtu atazipataje picha kama orodha imefutika? Hapo ndipo lilipotoka daftari la kijani. Kwa miaka mingi tulimtania kuhusu daftari hilo. Kila diski iliyopita mikononi mwake aliandika kwa kalamu mwanzo wake na ukubwa wa sekta zake, kama mkunga anavyoandika uzito wa watoto. Akalifungua, akashusha kidole. Kasha la picha za zamani: mwanzo 256, sekta 4096.

Alihamia kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi mwingine, Linux, akaiunganisha diski kwa ruhusa ya kusoma tu, kuandika marufuku. Akazidisha mwanzo kwa nane, akapata 2048, akaandika amri kwa vidole vyake viwili. Kompyuta ikaliona eneo la picha, kisha ikakataa kulifungua. Daktari akarudi mlangoni.

"Mama, nimebakiwa na masaa matatu."

"Nimekusikia, mwanangu. Hata mimi nina masaa hayohayo."

Akarudi kwenye daftari, akaijaribu hesabu yake tena na tena. Kisha akapiga meza. Kuzidisha mlango wa mbele hakutoshi, alisema, kama ndani ya nyumba kila chumba bado kina hesabu ya mkalimani. Badala ya kubadilisha anwani, tubadilishe muuguzi. Akauambia mfumo endeshi uichukulie diski nzima kuwa ni ya sekta kubwa, kama kasha lilivyokuwa likisema. Akabonyeza. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Mafaili yakajipanga kwenye skrini, safu baada ya safu, miaka kumi na moja ya mifupa, mapafu na vichwa vya watu. Akatafuta namba ya binti yule, akaipata. Daktari akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, akainama, akazilinganisha. Mwishowe akasema, "Yameongezeka. Tunamfungua." Akaondoka mbio, bila kuaga, na hakuna aliyemlaumu.

Binti alitoka wodini baada ya siku kumi na mbili, akilalamikia chakula chetu, dalili njema kuliko zote.

Mwandishi alikwenda kukaa kwenye ngazi. Mama Nane akamfuata na glasi ya maji.

"Kunywa," akamwambia. "Ukimaliza njoo tunakili kila kitu mara mbili."

Taarifa aliyoiandika jioni ile ilikuwa na mistari minne, na haikuwa na jina la mtu. Mkurugenzi wa wakati huo akamwita, akataka kujua nani alibonyeza. Alijibu kwamba ni kitengo chake. Mkurugenzi akasema hakuuliza kitengo, aliuliza mtu. "Basi mkuu wa kitengo ni mimi," akasema. "Niandike mimi." Akaandikwa. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake, onyo pekee katika miaka thelathini na mitatu. Mwezi huo mkataba wa mwandishi ulikuwa unangoja kusainiwa upya, na nyumbani kwake kulikuwa na mapacha wa miezi mitano. Alitaka kwenda kusema ukweli. Mama Nane alimkataza. "Wewe una watoto wadogo," alisema. "Mimi nina kichwa kigumu. Kila mtu abebe anachoweza." Na mwandishi, kwa aibu yake, alinyamaza miaka saba.

Mwezi uliopita alipiga moyo konde, akaenda kwa mkurugenzi wa sasa, akaeleza yote kuanzia taa iliyozimika. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho, akaagiza faili, na barua ile ikaondolewa. Badala yake ipo nyingine, ya shukrani, yenye tarehe ya Jumanne ile. Tulidhani mwenyewe atafurahi. Alikasirika siku mbili nzima.

"Ile barua nilikuwa naringa nayo," alimwambia mwandishi. "Onyo la pekee! Wewe umekwenda kuniharibia."

Siku ya tatu alimletea mwandishi kikombe cha chai, akamkabidhi mlangoni, nje, kwa mujibu wa sheria.

Baada ya tukio lile nakala ya pili ilipatikana bila barua ya nne, na ya tatu ikafuata. Mwaka jana muuzaji mmoja alileta diski za kizazi kipya, zile zisizojifanya tena, zenye sekta kubwa nje na ndani. Mama Nane alikataa kusaini kupokea mpaka azijaribu. "Mama, diski ni diski," muuzaji akasema kwa haraka zake. "Na kiatu ni kiatu," akajibiwa, "lakini hujauliza namba ya mguu." Alizijaribu, na kweli: kompyuta zetu nyingi za zamani ziliziona lakini hazikuweza kuzitumia, na nyingine hazikuweza hata kuwaka kutoka kwenye diski hizo. Wengine wangezirudisha diski. Yeye aliamua ni mifumo endeshi inayopaswa kusogea. Kwa miezi kumi na mmoja alipita idara moja baada ya nyingine, maabara, wodi ya wazazi, meno, duka la dawa, akibadilisha mfumo, akipima, akiwatuliza wenye hasira, akiwafundisha wenye woga. Mwezi Machi mwaka huu seva ya mwisho ya zamani ilizimwa. Hakuna picha hata moja iliyopotea. Wagonjwa hawakujua kwamba kulikuwa na kazi yoyote iliyofanyika, na kwake hiyo ndiyo tuzo.

Hatusemi kwamba ni malaika. Ni mbishi. Hajawahi kukubali kwamba anaimba vibaya. Akishika simu hueleza jambo la dakika moja kwa dakika ishirini, na akikuona umechoka huanza upya akidhani hukuelewa. Lakini waulize mafundi saba aliowalea katika kitengo hiki ni nani aliyewafundisha kusoma lebo hadi mstari wa mwisho, kuuliza kabla ya kubonyeza, na kutomwacha mwenzako peke yake siku mambo yanapokwenda mrama.

Mumewe, fundi cherehani mwenye duka la kona karibu na posta, amekwishatuonya kwamba anamtaka mkewe akiwa mzima, maana miaka yote hii amekuwa akipokea mabaki ya kazi. Binti yake mkunga naye ni mjamzito, na safari hii mtu mwingine ndiye atakayemzalisha. Mtoto anatarajiwa katikati ya Julai.

Mama, asante. Asante kwa picha ambazo hatukuzipoteza na kwa zile tulizokaribia kuzipoteza. Sisi wa kitengo tumekubaliana kwa maandishi, na wote tumesaini, kwamba hatutakupigia simu kuhusu diski yoyote kabla mtoto hajafikisha siku arobaini. Kwa miaka thelathini na mitatu simu yako ilipolia, ulisimama, ukatafuta viatu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku ndefu za furaha. Mjukuu akishazaliwa, simu ikilia, kaa palepale ulipo, Mama. Ni kwa binti yako wanakuambia mjukuu amecheka.